Chupa ya Maji Juu ya Mabati: Maswali na Majibu kuhusu Jua na Vifungo vya Kemia

Katika mitaa ya Kisumu ambako maji ya mfereji hayatoki kila siku, wapo wanaojaza maji katika chupa za plastiki angavu na kuzilaza juu ya mabati tangu asubuhi ili jua liyatibu. Njia hii inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani, lakini wengi huishuku kwa sababu maji hayo hayachemki. Ili kuelewa jua hufanya nini ndani ya chupa, inatubidi tuanze na hesabu fupi.

Mwanga huwezaje kuvunja kitu, nao hauna uzito wala makali?

Atomu za molekuli hushikana kwa vifungo, na kila kifungo kina kiasi chake cha nishati kinachohitajika ili kikatike. Mwanga nao husafiri kwa mafungu madogo yaitwayo fotoni, na kadiri urefu wa wimbi unavyopungua ndivyo nishati ya kila fotoni inavyoongezeka. Kwa kawaida kifungo kimoja hukatwa na fotoni moja, wala fotoni kumi dhaifu haziungani kufanya kazi ya moja yenye nguvu. Ndiyo maana taa nyekundu, hata ikiwaka usiku kucha, haiunguzi ngozi jinsi jua la adhuhuri linavyoiunguza.

Hesabu yenyewe hufanywaje?

Zidisha namba tatu zisizobadilika: namba ya Planck, 6.626 × 10⁻³⁴. Kasi ya mwanga, 2.998 × 10⁸. Na namba ya Avogadro, 6.022 × 10²³. Ukipima nishati kwa kilojuli na urefu wa wimbi kwa nanomita (sehemu ya bilioni moja ya mita), utapata takriban 119,600. Ukiigawanya namba hii kwa nishati ya kifungo katika kila moli (fungu lenye idadi ya vifungo iliyo sawa na namba ya Avogadro), jibu ni urefu wa wimbi ambao mwanga haupaswi kuuzidi ikiwa utakikata kifungo hicho.

Kifungo cha kaboni na haidrojeni, chenye wastani wa kilojuli 413, hutupa nanomita 290. Cha kaboni na kaboni, chenye 347, hutupa 345, na cha oksijeni na haidrojeni, chenye 463, hutupa 258. Waliosoma kemia hadi kidato cha nne watazikumbuka nishati hizi kutoka kwenye majedwali yao, na kilichoongezwa hapa ni kugawanya tu.

Je, jua huyaharibu maji yenyewe?

La. Tabaka la ozoni huzuia karibu mionzi yote iliyo fupi kuliko nanomita 290, na tumeona kwamba vifungo vya maji vinahitaji mionzi mifupi zaidi ya hapo. Zaidi ya hayo, maji safi huipitisha mionzi ya jua inayofika ardhini bila kunyonya kwa kiasi cha maana ile ya urujuanimno, yaani isiyoonekana kwa macho na yenye mawimbi mafupi kuliko mwanga wa urujuani. Maji yaliyoanikwa kutwa hubaki maji.

Basi vijidudu hufaje?

Hapa ndipo hesabu peke yake inapopotosha, nami nimewaona wanafunzi hodari wakiteleza papo hapo. Fotoni yenye nishati ya kutosha haivunji chochote isiponyonywa. Mionzi ya nanomita 340 ina nguvu ya kukata kifungo cha kawaida cha kaboni na kaboni, lakini molekuli nyingi zenye kifungo hicho huiacha ipite tu. Plastiki ya chupa nayo huzuia sehemu kubwa ya mionzi mifupi ya jua, kwa hiyo kinachoingia ni hasa urujuanimno wa nanomita 315 hadi 400. Mionzi hii hunyonywa na baadhi ya molekuli zilizo ndani ya kijidudu, ambazo huikabidhi oksijeni iliyoyeyuka nishati hiyo. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali na kushambulia utando na chembe za urithi za kijidudu. Kwa sababu hiyo hushauriwa kujaza chupa kwa robo tatu, kuitikisa kwa sekunde 20 ili hewa ichanganyike na maji, kisha kuijaza kabisa. Maji yakifika nyuzi 50 za Selsiasi, joto nalo husaidia, na mabati yana faida yake hapo.

Kwa nini dawa ya klorini isiwekwe juani?

Kwa sababu jua huidhoofisha. Katika asidi ya hipoklorasi, inayoundwa klorini ikiingia majini, kifungo cha klorini na oksijeni kina takriban kilojuli 230 tu, ambazo kwa hesabu yetu ni nanomita 520, yaani mwanga wa kijani. Hata hivyo mwanga wa kijani huipita dawa bila kunyonywa. Hipokloraiti iliyomo katika dawa, yaani asidi hiyo ikiwa imepoteza haidrojeni yake, hunyonya zaidi karibu na nanomita 292, na kwa hiyo urujuanimno ndio unaoila. Chupa ya dawa isiyopitisha mwanga ikae kivulini, na maji yaliyokwisha kutiwa klorini yafunikwe.

Simu ikiachwa karibu na chupa, mawimbi yake huvunja vifungo?

Hapana. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na fotoni zake hazifikii hata sehemu ya milioni moja ya kilojuli 413 za kifungo cha kaboni na haidrojeni.

Maji ya ziwa yaanikwe kwa muda gani?

Saa 6 jua likiwaka, na siku 2 mfululizo mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga. Kwanza yachujwe, maana tope huficha vijidudu. Isimamishe chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, kisha utazame kupitia mdomoni: usipoweza kusoma herufi, maji hayajawa tayari. Chupa isizidi lita 2, na iliyokwaruzika ibadilishwe. Maji ya Ghuba la Winam la Ziwa Viktoria yenye utando wa kijani yaepukwe kabisa, kwa kuwa sumu ya viumbe vidogo vinavyoufanya utando huo haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kuanika.

Na sisi wa Nakuru wenye visima vya floraidi?

Floraidi iliyoyeyuka ni ioni (atomu zenye chaji ya umeme) moja moja, haina kifungo ndani yake cha kukatwa, hivyo jua haliwezi kuiondoa hata mngeianika mwezi mzima. Kuchemsha hupunguza maji na kuiacha floraidi ikiwa imekolea zaidi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kikizidi hapo, tumieni kichujio cha makaa ya mifupa au maji ya mvua, hasa kwa watoto ambao meno yao ya utu uzima hayajaota.