Kimo cha Pikapu Si Nguvu Zake

Binamu yangu amenunua trela la kulala lililoundwa Marekani, lile ambalo shingo yake hupanda juu ya bodi la pikapu badala ya kufungwa nyuma ya bampa. Anataka kuliegesha Mambrui kwa wageni wa uvuvi, na likizo zikija alivute hadi Mokowe, jamaa walale hapo kabla ya kuvuka kwenda Amu, kisiwani Lamu. Trela analo, pikapu bado. Na tangu alipotangaza kwamba anatafuta pikapu, kila baraza hapa Malindi ina neno moja: chukua ya juu, iliyonyanyuliwa, yenye matairi makubwa. Maneno haya yananitia hofu, kwa sababu humo garini watapanda mkewe na wanawe.

Kwanza jina lenyewe. Huitwa trela la gurudumu la tano, na vijana wawili wa gereji waliniambia kwamba gurudumu hilo ni spea. Sivyo. Ni sahani ya chuma yenye mdomo, hukaa ndani ya bodi juu ya ekseli ya nyuma na kuibana pini nene iliyo chini ya shingo ya trela. Jina limebaki tangu enzi za magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ipate kugeuka. Ukitaka kuiona, simama Gongoni utazame malori ya trela yanayobeba chumvi. Sahani ni ileile, ila ya pikapu ni ndogo.

Sasa tuje kwenye dhana kubwa, kwamba pikapu ikiwa juu huvuta vizuri zaidi. Trela la aina hii linatakiwa litembee likiwa limelala sawa na barabara. Pikapu ikiwa juu kuliko lilivyoundiwa trela, pua hunyanyuka na mkia hulala. Trela lina ekseli mbili, na likiinama hivyo uzito mwingi huiangukia ile ya nyuma: tairi zake hupata moto, breki za ekseli ya mbele hushika hafifu, na safari ndefu ya joto letu humalizika kwa tairi kupasuka.

Wengi hujibu kwamba dawa ni kuishusha sahani. Hapo ndipo penye mtego. Kuta za bodi nazo zimepanda pamoja na gari, na shingo ya trela inapita juu yake. Ukishusha sahani, shingo inazikaribia kuta. Kati ya ukingo wa bodi na tumbo la shingo panahitajika nafasi ya sentimita 15 hivi. Kwenye lami iliyonyooka utadhani nafasi hiyo ni kubwa mno. Subiri upite matuta ya Gede kwa mshazari, pikapu ikilalia kushoto na trela kulia. Ndipo chuma hukutana na chuma. Pikapu mpya nyingi zinazovuta kwa magurudumu yote manne zina bodi lililo juu kuliko za zamani, kwa hiyo trela kuukuu nyuma ya pikapu mpya linapaswa kupimwa, si kukisiwa.

Kupima si kazi kubwa. Weka trela mahali pa sakafu tambarare, lilaze sawa kwa pima-maji, kisha pima kutoka chini hadi mahali pini inapokutana na sahani. Pima tena sahani ya pikapu ikiwa na mzigo ndani, kwa sababu springi zikibeba hushuka sentimita kadhaa. Tofauti ikiwa kubwa, linalonyanyuliwa ni trela. Kama springi zake zimefungwa chini ya ekseli, fundi anaweza kuzihamishia juu, na trela zima hupanda kwa zaidi ya sentimita 10. Ila nasisitiza: zinazohama ni springi na vikalio vyake, ekseli yenyewe isipinduliwe. Ekseli nyingi za trela zina upinde mdogo wa kuelekea juu, na ukiigeuza, tairi zitalika upande mmoja. Na trela likipanda, upepo nao hulishika zaidi. Kipindi cha kusi, darajani Sabaki, punguza mwendo.

"Barabara ya Lamu hufurika, lazima gari liwe juu." Naielewa hofu hii. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara hiyo sehemu za Gamba, na watu walivushwa kwa mashua. Lakini pikapu ikipita, nyuma yake liko trela ambalo mabomba ya maji machafu yananing'inia chini ya tumbo na sakafu yake ni ya mbao. Maji yaendayo kasi yatalisukuma ubavuni na kuliburuta gari pamoja nalo. Maji yakiwa juu ya barabara, usisafiri.

Kuhusu matairi makubwa nitasema machache. Tairi kubwa hupunguza nguvu inayofika ardhini na kuifanya breki ifanye kazi zaidi. Kunyanyua springi hakuongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, ule ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni.

Kibati hicho ndicho nilichomwomba binamu akisome kabla ya kulitazama gari. Yeye alikuwa ameshikilia namba nyingine, kilo 3,500, ambayo baadhi ya Hilux na D-Max za sasa zimeruhusiwa kuvuta. Trela lake lina kilo 3,000 likiwa na vitu, hivyo akaona imebaki akiba. Namba hiyo hukadiriwa kwa trela la kufungwa nyuma ya bampa, ambalo kwa kawaida hulalia gari kwa asilimia 10 hivi. Trela la shingo huweka asilimia 15 hadi 25 ndani ya bodi. Tuchukue 20: ni kilo 600. Ongeza watu wanne wa kilo 75, ni 300. Sahani na fremu yake, tuseme 70. Tumefika 970, na pikapu hizi hubeba takriban tani moja. Hatujapakia jiko wala kapu la samaki.

Wapo wanaomshauri aagize pikapu kubwa ya Marekani. Kenya hairuhusu, kwa kawaida, gari la usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka 8. Na kwa kuwa trela ni la kule, mlango wake uko kulia, yaani ukiegesha kando ya barabara zetu unashukia kwenye magari yanayopita. Nimemwambia asiwashushe watoto barabarani kamwe.

Juzi tumepata pikapu ya kimo cha kiwandani, haijaguswa springi. Tumepima kuta, tumepima sahani, na fundi ameanza kuzihamisha springi za trela. Kesho tunalipima upya likiwa na maji, kwa sababu lita 200 ni kilo 200, na tangi lake limekaa mbele, karibu na pini.