Samadi, vijidudu na tangawizi: tusidanganyane

Eti samadi mbichi ndo ina nguvu. Nguvu inayo kweli, ila ya kuunguza. Samadi mbichi, ya kuku ndo balaa zaidi, inatoa amonia inayochoma mizizi michanga, inakuletea mbegu za magugu na vijidudu vya kuharisha, na tangawizi inakaa humohumo udongoni mpaka unavuna. Irundike, ilowanishe kiasi, igeuze geuze. Rundo likikolea joto la ndani linafika nyuzi 55 mpaka 65, ukilifukua asubuhi unaona mvuke, likipoa likawa jeusi na linanukia udongo badala ya banda hapo ndo umepata mboji. Na jamani wale wa kumwaga majivu kwenye samadi mbichi, majivu yanaifukuza amonia, ile harufu inayokupiga puani ni nitrojeni yako, chakula cha mmea, inaondoka.

Wengine wanasema samadi inatosha, yurea (mbolea ya dukani ya nitrojeni) ya nini. Haya tupige hesabu: mfuko wa yurea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, sasa samadi kavu yenye nitrojeni asilimia 1 inabidi uwe na kilo 2,300 ndo mlingane, na haiachii yote msimu mmoja. Kwahiyo debe mbili kwa shamba zima ni utani. Ila samadi inalainisha udongo na kushika unyevu, yurea hilo haiwezi.

Sasa trikoderma, hii imegeuzwa dawa ya kila kitu. Ni fangasi rafiki anayewabana fangasi wabaya, kule Kerala, India, wanaichanganya na mboji na mashudu ya mwarobaini wanaweka kwenye mashina ya pilipili manga kuzuia ugonjwa wa kuoza shina. Inakinga, haifufui mmea ulioshaoza! Na mnyauko wa bakteria haiuponyi kabisa, kwahiyo kabla hujatoa hela jua kwanza mmea unaumwa nini: kata shina la tangawizi iliyonyauka, chini kabisa karibu na udongo, lishikilie wima kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka palipokatwa, ni bakteria. Hapo ng'oa, toa nje ya shamba, usichukue mbegu hapo hata kama jirani anakuuzia bei ya kutupa, na usikimbilie kupanda nyanya wala viazi mviringo maana navyo vinashikwa na bakteria wa kundi hilohilo, bora mahindi.

Kingine, vijidudu vya dukani kama trikoderma vina uhai. Pakiti ikikaa stoo ya bati juani umenunua vumbi, ukipiga dawa ya kopa (ya shaba, ya kuua fangasi) leo na trikoderma kesho unaweza kuua ulichonunua.

Halafu raizobia ya maharage, bakteria wanaovuta nitrojeni ya hewani, usiuziwe kwa ajili ya tangawizi, ile inaishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde na tangawizi haina vinundu, kama umechanganya na maharage basi paka mbegu za maharage.