Je, wajua kwa nini ofisi yenye mafaili tele husahau kazi yake yenyewe?

Kuanzia mwaka 1975 hadi 1989, kiwanda cha Y-12 huko Oak Ridge, Marekani, kilitengeneza kitu cha siri kiitwacho Fogbank, kinachotumika ndani ya vichwa vya makombora ya nyuklia. Kazi ikasimama. Zaidi ya miaka kumi baadaye vichwa hivyo vikahitaji ukarabati, na hapo ikabainika kwamba hakuna aliyejua sawasawa Fogbank inatengenezwaje. GAO, taasisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo, iliandika mwaka 2009 kwamba kumbukumbu zilizowekwa zilikuwa chache na karibu wataalamu wote walikwishastaafu au kuondoka.

Kisa hakikuishia hapo. Jengo jipya lilijengwa, hatua za zamani zikafuatwa, lakini kilichotoka hakikuwa chenyewe. Wanasayansi wakarudi kupekua kumbukumbu za zamani, wakagundua kwamba malighafi ya enzi zile ilikuwa na kemikali fulani ambayo mitambo ya kisasa, kwa kusafisha vizuri mno, iliiondoa. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiifanya Fogbank itoke inavyotakiwa! Maandishi ya zamani yaliweka kiwango cha juu tu cha kemikali hiyo. Cha chini hakikuwekwa, kwani hata waliokuwa wakifanya kazi ile hawakujua kwamba inahitajika.

Ndiyo maana naona ni kosa kutenganisha hifadhi ya nyaraka na usimamizi wa maarifa. Watunza nyaraka hulinda ushahidi: nani aliandika nini, lini, na karatasi ipi ilitangulia ipi. Tangu waraka wa Ufaransa wa mwaka 1841, kanuni yao ni kwamba nyaraka za chanzo kimoja zikae pamoja. Watu wa maarifa hushughulika na kilichomo vichwani, yaani ule ujuzi ambao mwenye nao mara nyingi hawezi hata kuueleza. Hata viwango vyao vya kimataifa ni viwili: ISO 15489 ya nyaraka ilitoka mwaka 2001, na ISO 30401 ya maarifa mwaka 2018.

Chukua jalada moja ulifungue. Barua iliyotumwa inasema ombi limekataliwa, basi. Sababu iko kwenye dokezo, yaani maelezo ya ndani ya ofisi kwa mwandiko wa mkono, yanayotaja folio (karatasi yenye namba ndani ya jalada): “Angalia folio 14, tulishajaribu hili likatushinda.” Skani barua peke yake, uache dokezo, na umetunza uamuzi bila akili iliyouzaa. (Siku hizi dokezo lenyewe limehamia kwenye simu, na simu haina folio.)

Kuziunganisha kazi hizi si lazima ununue programu mpya, ingawa wauzaji watakuambia vingine. Anayekaribia kustaafu aketi na mtunza nyaraka, jalada likiwa wazi mezani, aulizwe ukurasa kwa ukurasa: kwa nini hapa mlibadili? Nani alipinga? Ni kipi mlikijua lakini hamkukiandika? Majibu yaandikwe, yapewe namba ya folio na kuingizwa katika jalada hilohilo. Yakipelekwa kwenye folda ya “mafunzo tuliyopata” hakuna atakayeyafungua tena.

Ile kemikali ya Fogbank baada ya ugunduzi huo ikaanza kuongezwa makusudi, na kiasi chake kikapimwa.