Muamala katika hifadhidata: kwa nini pesa haipotei njiani

Asha yuko Mwanakwerekwe, anamtumia mama yake aliyeko Wete shilingi 50,000 kwa simu. Kwake ni tendo moja: kaweka namba, kaweka namba ya siri, kabonyeza. Ndani ya hifadhidata, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza masalio ya watu, ni matendo mawili, tukiyaacha makato: salio la Asha lishuke kutoka 80,000 hadi 30,000, kisha la mama lipande kutoka 12,000 hadi 62,000. Kati ya hayo mawili pana upenyo mdogo sana. Seva, yaani kompyuta inayoiendesha hifadhidata, ikizimika hapo hapo, pesa imeshatoka Unguja na Pemba haijafika.

Muamala ndio unaoziba upenyo huo. Ni matendo kadhaa ambayo hifadhidata inaahidi kuyachukua kuwa kitu kimoja: ama yatimie yote, ama lisitimie hata moja.

Aliyeishughulikia dhana hii kwa kina kuliko wengi ni Mmarekani Jim Gray. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1969, na miaka ya 1970 alikuwa kwenye maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, katika mradi wa System R, hifadhidata ya majaribio. Mwaka 1970 mtafiti mwenzake wa IBM, Edgar Codd, alikuwa ameshapendekeza data zipangwe kwa majedwali. Wazo lilipendeza kwenye karatasi. Kazi ya System R ilikuwa kuonyesha kwamba linastahimili watu wengi kwa mara moja, na mashine zinazozimika ghafla. Kwangu mimi, kazi hii ya pili ni kubwa sawa na ile ya kwanza, ingawa husifiwa kidogo.

Ahadi hiyo inatimizwaje? Kwa kuandika kabla ya kutenda. Hifadhidata ina daftari lake kwenye diski, na kila badiliko huandikwa humo kwanza: muamala fulani, salio la Asha, lilikuwa 80,000, litakuwa 30,000, salio la mama, lilikuwa 12,000, litakuwa 62,000. Mwisho huandikwa mstari mmoja mfupi: umethibitishwa. Mstari huo ukishatua kwenye diski, ndipo Asha anapoletewa ujumbe. Muuza duka makini wa Darajani hufanya hivyo hivyo: huandika deni kwanza, sukari hupimwa baadaye.

Umeme ukirudi, hifadhidata hulisoma daftari. Muamala wenye mstari wa uthibitisho hurudiwa hata kama salio lilikuwa halijabadilishwa kwenye diski. Usio nao hutenguliwa, na Asha anaikuta 80,000 yake nzima. Kwa waliokuwapo Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kuzimika ghafla si jambo la vitabuni.

Lakini umeme si adui pekee. Wiki ya Idd, makarani wawili wanaona kiti kimoja kilichobaki kwenye boti ya kwenda Mkoani, Pemba, na kila mmoja ana abiria mbele yake. Wakikiuza wote wawili, abiria mmoja atabaki bandarini Malindi, Unguja, na mizigo yake. Kwa hiyo muamala wa kwanza hukifunga kiti kwa kufuli, wa pili ukangoja. Mwaka 1976 Gray na wenzake watatu walichapisha kanuni yake: muamala ukishaachia kufuli moja, usichukue nyingine tena. Kanuni ni fupi, gharama ipo. Muamala mmoja unaweza kushika kiti na kungoja malipo, mwingine ukashika malipo na kungoja kiti. Hapo hifadhidata huchagua mmoja na kuutengua ili mwingine upite.

Baadaye Gray alihamia Tandem, kampuni ya kompyuta zilizoundwa ziendelee kufanya kazi hata kifaa kimoja kikiharibika. Mwaka 1985 alichunguza kwa nini kompyuta hizo husimama, akakuta makosa ya waendeshaji na ya programu yamezidi ya vifaa. Alitunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998.

Penye ugumu khasa ni pale pesa inapotoka benki kwenda kwenye simu, kwa sababu hifadhidata ni mbili na kila moja ina daftari lake. Njia aliyoieleza Gray mwaka 1978 huweka mratibu katikati, yaani programu inayozisimamia pande zote mbili. Kwanza huuliza kila upande kama uko tayari. Kila upande huandika jibu lake kwenye daftari kabla ya kujibu. Wote wakiitikia, mratibu hutoa amri ya kuthibitisha. Mmoja akikataa, wote hutengua. Na upande ulioshaitikia, mratibu akinyamaza kabla ya kutoa amri, hauna ruhusa ya kuamua peke yake. Hushikilia kufuli zake na kungoja mpaka mratibu arudi, alisome daftari lake na kutoa amri.