Jasho Lisilokauka: Mazoezi ya Wazee Msimu wa Kaskazi

Kila Januari, kaskazi ikishakolea, hunijia wazee walioshikwa na kizunguzungu wakiwa mazoezini hapa Dar es Salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na baadhi yao ni mimi niliyewasihi watembee kila siku. Kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Siwaulizi jua lilikuwa kali kiasi gani. Nauliza kama jasho lilikuwa linakauka. Jasho hupoza mwili pale linapogeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi. Kwenye fukuto la pwani hewa imeshajaa unyevu, basi jasho linachuruzika hadi kwenye viatu huku joto limebaki ndani. Ndiyo maana nyuzi 32 za huku zinachosha kuliko nyuzi 32 za Dodoma mwezi Oktoba, na ndiyo maana kivuli peke yake hakitoshi.

Umri nao unaongeza mzigo. Tezi za jasho hupunguza kazi, damu haifiki kwenye ngozi kwa wingi kama zamani, na kiu huchelewa. Mzee akikuambia "sina kiu, mwanangu", anasema kweli, ila mwili wake huenda umeshapungukiwa maji. Anywe glasi moja kabla ya kutoka, kisha abebe chupa na kunywa kidogo kidogo bila kungoja kiu. Aliyepangiwa na daktari kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo afuate kiasi hicho.

Linalosahaulika zaidi ni dawa. Mama mmoja wa miaka 68 alikaa chini ghafla baada ya dakika 20 tu za kutembea. Miongoni mwa dawa zake za presha ilikuwamo ile ya kukojoza, na asubuhi ile alikuwa hajanywa hata chai. Dawa kama atenolol nazo huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo kuhesabu mapigo kutakudanganya. Mimi nawapa kipimo kingine: tembea huku unazungumza, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Muulize daktari wako kuhusu msimu wa joto.

Na madafu? Ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, kama lisinopril au spironolactone, aulize kwanza kabla ya kuyafanya kinywaji cha kila siku.

Kuna jambo ninalolipinga kila ninapoliona: sweta zito, au mfuko wa plastiki uliofungwa tumboni "ili mafuta yakatike". Kinachotoka pale ni maji, na uzito unarudi ukishakunywa. Vaa pamba nyepesi inayopitisha hewa.

Saa 12 asubuhi ndiyo saa yangu, kabla lami haijashika moto. Jioni lami na kuta bado zinatema joto la mchana. Anayefunga Ramadhani afanye mazoezi baada ya kufuturu, akishapumzika na kunywa maji. Aliyekwenda kula sikukuu kwenye baridi ya milimani Kilimanjaro asirudie mwendo wake wa Novemba siku anayoshuka kwenye basi. Mwili huchukua kama siku 7 hadi 14 kulizoea joto upya, kwa hiyo aanze na nusu.

Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: acha, kaa penye upepo, kunywa maji. Mwenye kisukari apime sukari pia, maana ikishuka dalili hufanana. Lakini mzee akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, huku mtu mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Na ndani ya gari endeleeni kumlowesha, madirisha yakiwa wazi.