Sauti ya Redioni Ikavishwa Sare

Juma lililopita mzee mmoja wa Jinja aliniapia, kinasa sauti kikiwa mezani, kwamba tarehe 11 Aprili 1979 alimwona kwa macho yake Luteni Kanali David Oyite-Ojok akitangaza kwenye televisheni kuanguka kwa utawala wa Idi Amin, na akanieleza hata mikunjo ya sare yake. Tangazo lile lilikuwa la Redio Uganda. Niliposema hivyo, mjukuu wake alidakia: "Kwa hiyo babu anadanganya?"

Hadanganyi! Nimechoka kulijibu swali hili, kwa sababu anayeliuliza hudhani kwamba kumbukumbu ni ama kweli tupu ama uongo mtupu. Akili hulishika tukio kwa nguvu lakini huishika kwa ulegevu njia ambayo habari ilipitia. Picha za vita zinaporushwa mwaka baada ya mwaka, sauti iliyosikika gizani hujipatia uso, meza na sare, na mwenyewe hahisi kwamba kuna kilichoongezwa. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo iliangukia majengo ya ghorofa huko Amsterdam. Miezi kadhaa baadaye, mwanasaikolojia Hans Crombag na wenzake waliwauliza watu kama waliitazama kwenye televisheni filamu ya ndege ikigonga, na zaidi ya nusu wakakubali. Filamu hiyo haikuwapo.

Wala mimi sijiondoi. Nilikuwa na umri wa miaka saba Museveni alipoapishwa mbele ya Bunge, tarehe 29 Januari 1986, nami hadi leo naiona rangi ya magwanda yake kwenye televisheni ya jirani yetu. Televisheni ile ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Rangi, bila shaka, nimeiokota katika marudio ya kila tarehe 26 Januari, sikukuu ya ukombozi nchini Uganda. Kilichobaki changu ni jirani akiipiga ile televisheni kofi ubavuni ili picha itulie, jambo ambalo hakuna sherehe inayolirusha. Lakini aliipiga karibu kila jioni, hivyo huenda hata kofi hilo ni la siku nyingine.

Sare ya mzee nimeiacha katika maandishi yangu kama alivyoisimulia, na pembeni nimeandika "redio". Mjukuu anataka niifute.