Mlango wa Mto Camel, Cornwall: kupanga matembezi kwa bamvua na maji mafu

Mto Camel huanzia kwenye nyika ya Bodmin, kusini-magharibi mwa Uingereza, na baada ya kilomita 48 hivi humwaga maji yake kwenye pwani ya kaskazini ya Cornwall, kati ya rasi mbili: Stepper Point upande wa magharibi na Pentire Point upande wa mashariki. Pwani hiyo ni magenge ya miamba yanayopigwa moja kwa moja na mawimbi ya Atlantiki, na chombo kinaweza kwenda masafa marefu bila kuona pa kujisetiri. Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliukimbilia mlango huu wakati wa dhoruba, na wengi wakafia mlangoni hapo.

Zama za barafu zilipokwisha, bahari ilipanda ikafurika bonde la mto. Kwa hiyo unachokiona leo kati ya mji wa Padstow na kijiji cha Rock ni bonde lililozama: pana, lenye kingo za mwinuko na mahori, yaani mikono midogo ya maji, yanayochomoza pembeni. Maji ya mto wenyewe ni machache. Mtawala wa mahali hapa ni maji ya bahari yanayoingia na kutoka mara mbili kwa siku, na anayetaka kutembea, kuendesha baiskeli, kuogelea au kupiga makasia humu aanze kupanga siku yake kwa jedwali la kujaa na kupwa, kabla hata ya kuangalia utabiri wa hali ya hewa.

Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Padstow ni takriban mita 6.5. Maji mafu, yaani ya siku za katikati yake, hushuka na kupanda takriban mita 3 tu. Mtu wa Unguja au Mombasa anaijua bamvua vizuri, lakini ya kwao ni ya mita 3 hadi 4, na uzoefu huo unaweza kumdanganya. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza hupanda sehemu 1 kati ya 12 za kimo chote, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Kwa bamvua ya mita 6.5, saa ya tatu pekee huleta mita 1.6 hivi, yaani zaidi ya sentimita 2.5 kila dakika. Kwenye mchanga ulio karibu tambarare, kimo hicho kidogo hufunika eneo kubwa, na maji hutangulia kujaza mifereji iliyo nyuma yako huku fungu la mchanga ulilosimama juu yake likiwa bado kavu.

Kuna jambo linalorahisisha mipango: hapa bamvua hujaa asubuhi mapema na jioni, kwa hiyo hupwa kabisa karibu na mchana, yapata saa 6 hadi saa 7 kwa saa za Kiswahili. Maji mafu ni kinyume chake, hujaa mchana. Angalia pia kama jedwali lako limeandikwa kwa saa za majira ya baridi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele, hivyo ni lazima uongeze saa 1 ikiwa jedwali halijaongeza. Kosa hilo dogo huwakwamisha watu upande usio wao.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ya baiskeli kutoka Wadebridge hadi Padstow, kama kilomita 9, tambarare kabisa, na baiskeli hukodishwa miji yote miwili. Ni tuta la reli iliyofunguliwa mwaka 1899 na kufungwa 1967, na karibu na Padstow inavuka hori la Little Petherick kwa daraja la chuma. Ili kuwaona ndege, pita hapo saa 2 au 3 baada ya maji kujaa: matope ndiyo kwanza yanafunuka, na ndege wanalisha karibu na njia badala ya kutawanyika mbali. Sululu utawaona wakichokoa tope kwa midomo iliyopinda, na yangeyange wadogo wako kwenye mahori. Majira ya baridi ndege ni wengi zaidi, na njia haina msongamano. Tope lenyewe usilikanyage. Ukizama, usivute mguu mmoja kwa nguvu, kwa sababu mwingine utazama zaidi. Kaa au lala chali kutawanya uzito, kisha utoe miguu polepole.

Kutoka Padstow kuna kivuko cha kwenda Rock. Maji yakipwa, boti haiwezi kufika gatini, hivyo abiria hupandia ufukweni kaskazini mwa bandari; soma kibao kabla ya kupanga foleni, na uliza boti ya mwisho ni saa ngapi. Hata maji yakipwa kabisa na mchanga ukaonekana kujaa kila mahali, mkondo mkuu hubaki na kina. Usijaribu kuvuka kwa miguu, wala kuogelea maji yanapotoka, maana yanakokota mtu kuelekea bahari kuu.

Upande wa Rock, tembea kaskazini kwa ufuko hadi ghuba ya Daymer, ukipita kilima cha Brea. Nyuma yake lipo kanisa dogo la St Enodoc. Vilima vya mchanga vililifukia hata ikabidi kasisi aingie kupitia paa ili ibada ifanyike; lilifukuliwa mwaka 1864. Kwa maoni yetu huu ndio upande wa kuanzia kwa familia yenye watoto.

Mchanga huo huo ndio uliojenga Doom Bar, fungu lililolala mlangoni. Wenyeji husimulia kwamba fungu hilo lilitokana na laana ya nguva. Sababu halisi ni mawimbi yanayosukuma mchanga wa bahari ndani kuliko mto unavyoweza kuutoa. Zaidi ya nusu ya mchanga huo ni vipande vya makombe, yaani chokaa, na wakulima wa bara wenye udongo wa tindikali waliutumia kama mbolea. Reli ya Bodmin na Wadebridge, iliyofunguliwa 1834, ilijengwa hasa kwa kuusafirisha.

Zaidi ya vyombo 600 vimeripotiwa kupatwa na maafa kwenye fungu hili tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Zamani mkondo wenye kina ulipita chini kabisa ya genge la Stepper Point. Jahazi lililokimbia dhoruba ya kaskazini-magharibi liliingia humo, genge likakata upepo, matanga yakalegea, na maji yakalibeba hadi kwenye fungu. Sehemu ya genge ilichongwa ili upepo upite, na juu ya rasi ukajengwa mnara wa mawe wa mita 12, usio na taa, wa kuwaongoza mabaharia mchana. Mkondo umehama tangu hapo, lakini maji yanayotoka yakikutana na mawimbi yanayoingia, fungu bado hugeuka povu tupu. Mwenye kayaki au mashua ndogo asivuke hapo maji yakiwa yamepwa au upepo ukivuma kutoka baharini.

Mnara huo unafikika kwa miguu kutoka Padstow kupitia Hawker's Cove, kama saa moja na nusu kwenda. Vaa viatu vyenye meno, na kaa mbali na ukingo wa genge, hasa baada ya mvua. Ukipatwa na dharura, piga 999 na uombe walinzi wa pwani kwa jina, si polisi.